Séraphin, Shofere wa Nyumba Yenye Magurudumu

Séraphin Sebarenzi wa Karuba alikuwa akiendesha nyumba. Watu wa Nyamitaba walipoiona mara ya kwanza, mwaka 1952, walisimama kando ya barabara na majembe begani. Ilikuwa kamyo, yaani lori, iliyobeba nyumba nzima ya mbao, yenye mlango, madirisha mawili ya pazia, na bomba la jiko lililotokeza juu ya paa. Mwenye kamyo alikuwa Mbelgiji aliyetafuta madini upande wa Walikale. Séraphin alimwita Musiye, na mke wa Mbelgiji huyo alimwita Madamu. Wazungu hao walilala ndani. Séraphin na mke wake Mukashema, aliyewapikia na kuwafulia, walilala chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa kamyo.

Hakuna aliyemfundisha Séraphin kuendesha nyumba. Alijifunza kwa kuharibu. Alijua kwamba vyombo vizito vinapangwa sakafuni na magodoro juu. Kwenye mteremko breki ya mkono haitoshi, unaweka magogo nyuma ya magurudumu kabla mtu yeyote hajashuka. Jiko linazimwa na makaa yanamwagwa kabla injini haijawashwa. Na mvua ikikukuta milimani unabaki ulipo, maana udongo wa Masisi ukilowa unateleza kama sabuni.

"Unahangaikia sana hii nyumba," Mukashema alimwambia siku moja akimenya viazi. "Yetu ya Karuba inavuja."

Mwaka wa tatu Madamu alitaka maji ya kuoga kila asubuhi. Musiye akaleta pipa kubwa akalifunga juu ya paa, ili jua liyapashe maji moto na yashuke yenyewe.

"Musiye, maji iko muzito," Séraphin alisema. "Ikikaa kule juu, mu kona itavuta kamyo. Tuweke pipa chini, karibu na magurudumu."

"Tangu lini umekuwa injenieri?"

"Mimi niko shofere tu, Musiye. Lakini mimi njo nasikia vile inayumba."

Musiye alimpiga kofi. Hakuwa na hasira. Alimpiga kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akamwamuru apande alijaze pipa mpaka juu.

Kesho yake waliondoka Masisi kushuka kuelekea Walikale. Musiye na Madamu walikaa mbele pamoja na Séraphin. Mukashema aliwekwa nyuma, ndani ya nyumba, ashike vyombo. Jiko lilikuwa linawaka, kwa sababu Madamu alitaka kahawa yake ibaki moto. Musiye akafunga komeo kwa nje.

"Tuache mulango bila kufunga, Musiye. Mutu iko ndani."

"Utafunguka njiani. Endesha."

Mvua iliwakuta kwenye mteremko. Séraphin alisema wasimame, Musiye akasema waendelee. Kwenye kona moja Séraphin alisikia nyumba ikilala upande mmoja, ikarudi, ikalala tena. Angeweza kusimama hapo. Miaka mingi baadaye alilisema jambo hilo mwenyewe, bila kuulizwa: angeweza kusimama, lakini shavu lilikuwa bado linamuuma.

Kwenye kona ya pili ukingo wa barabara ulibomoka. Kamyo iliangukia upande wenye mlango na madirisha, pipa likapasuka, na maji yote yakakimbilia bondeni. Moshi ulianza kutoka kwenye nyufa za mbao.

"Séraphin," Mukashema aliita kutoka ndani. "Fungua."

Séraphin alichukua panga. Musiye akamshika shati. "Madamu kwanza. Umupeleke kule juu ku barabara."

Madamu alikuwa amechubuka goti. Séraphin alimbeba mgongoni, akapanda naye kwenye matope, akamkalisha juu ya jiwe. Aliporudi mbio na kuanza kukata mbao, hakuna aliyeita tena. Akaendelea kukata mpaka alipompata.

Mbele ya mzungu aliyesikiliza kesi, Musiye alieleza kwamba shofere alikimbiza gari kwenye mvua. Pipa halikutajwa. Séraphin alipigwa kiboko akafungwa mwaka mzima.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja Karuba, kwa Nyirabagenzi, mama yake Mukashema. Alimkuta anapalilia maharagwe.

"Wanasema alikuita," Nyirabagenzi alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulibeba nani kwanza?"

"Madamu."

Nyirabagenzi aliinama akaendelea kupalilia. Séraphin alichukua jembe lililokuwa pembeni, akaanza mstari wa pili. Alilima shamba lile kila msimu mpaka mama yule alipofariki mwaka 1959. Nyirabagenzi hakumfukuza hata siku moja. Hakumsalimia pia, na jioni alipopakua chakula, alipakua sahani moja, ya kwake.