Boya la Boila ya Patsy

Pale Patsy, juu ya Mutsamudu, nilikuwa nachochea boila ya kukeneka, yaani kutoa kwa mvuke, mafuta ya maua ya langilangi. Ndani mlikuwa na boya: maji yakishuka nalo linashuka, linafungua bomba lenyewe maji yaingie. Yakipungua sana, filimbi inalia. Enzi zile mamluki wa kigeni walipotawala visiwa vyetu, askari walidhani tunapeana ishara, wakaniamuru niizibe. Nikaiziba kwa kitambaa. Mimi mwoga, sifichi.

Ijumaa nikaenda msikitini, nikiliamini boya. Kurudi, kioo cha kupimia maji kitupu, boya limekwama kwa chokaa ya maji. Nikakimbilia bomba nilifungue kwa mkono.

“Wee shemeji!” akapiga kelele ndugu wa mke wangu, mpasua kuni wetu. “Ukitia maji baridi sasa italipuka, dada yangu mjane! Toa moto!”

Tukauburura moto nje. Kitambaa nilikitoa siku ileile. Askari niliwaogopa, boila niliiogopa zaidi.