Gari Iliyokunywa Kasiksi

Miaka ile ya vita, pale Butembo, kuwa na gari nzima ilikuwa ni sawa na kutokuwa na gari. Askari wa kundi lililotawala wakati huo walikuja, wakaomba ufunguo huku bunduki begani, wakaondoka nayo. Gari nzuri zote za mtaa wetu zilikwenda hivyo. Gari ya baba yetu mdogo peke yake ndiyo ilibaki, na iliokolewa na tundu.

Tundu lenyewe dogo, jicho halilioni. Lilikuwa chini ya radiatere, kile kisanduku cha mbele kinachoshika maji ya kupoza injini. Linatoka tone, unangoja, linatoka lingine. Askari walishaichukua gari ile mara moja. Walipofika Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, ikachemka kama sufuria ya maharage, wakaruka nje kila mtu na upande wake. Kabla ya jioni waliirudisha wenyewe, tena kwa kuisukuma, wanatutukana kwa Kilingala mpaka mlangoni. Toka siku hiyo Baba Mdogo akakataa katakata kuziba lile tundu.

"Mutu asiguse radiatere yangu," alisema. "Ile tundu njo mulinzi."

"Mulinzi gani anakojoa kutwa nzima?" nilimuuliza.

Akanuna siku mbili. Mimi na yeye tulipendana kwa njia hiyo, ya kugombana, na mama yangu alishachoka kutuamua.

Sasa, mdogo wangu wa kiume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mpole mpaka anakera. Alimpenda msichana wa Beni aliyewahi kusoma kwetu Butembo. Familia ya msichana ilishika desturi sana. Upande wa mume unaleta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi iliyochanganywa na unga wa mtama, na lazima iwe imetengenezwa na mama wa mume kwa mikono yake. Ya kununua njiani haihesabiwi. Msichana anachota kikombe, anaonja mbele ya watu wote, anampa baba yake. Baba akinywa, mambo yamekwisha, mmeshakuwa ndugu. Msichana akikiweka chini, basi, kusanyeni vikapu vyenu mrudi.

Tulishapangiwa siku mara mbili. Mara zote mbili mapigano yakafunga njia. Wazee wa upande wa msichana walitoka mashambani kule Mabalako kwa miguu, wakaketi, wakangoja, wakarudi na njaa zao. Basi baba wa msichana akatutumia neno kwa kinywa cha dereva wa lori: Jumamosi hii njooni, na msipofika, msijisumbue tena. Dereva yule hakuwa na siri tumboni, akaongeza kwamba kuna kamanda mmoja, mtu wa jimbo la mbali, anayemtaka msichana na kupeleka sukari pale nyumbani. Sukari! Mwaka ule sisi chai tulikunywa na chumvi.

Mdogo wangu akayasikia hayo. Aliacha tu kula. Nilimwekea sahani, nikairudisha vile vile, nikamwekea tena, nikairudisha. Niliumia kuliko kama angelia, nami nikaapa moyoni kwamba Jumamosi tutafika Beni hata kwa kutambaa.

Jumamosi asubuhi Baba Mdogo alitoa maagizo kwa sauti ya mkubwa wa jeshi. "Mujaze bidoni yote!" Akaenda kupaka viatu rangi. Maana yake ilikuwa madumu manne, bidoni mbili za kasiksi, na zile nyingine mbili za maji ya gari, zinazokaa siku zote nyuma ya kiti chake. Lakini maneno hayo aliyapokea mama yangu, na mama yangu akiona bidoni inakwenda ukweni na maji ndani, moyo wake unasimama. Aibu gani hiyo! Pombe ilikuwa imebaki mtungini. Akamwaga maji, akasuuza bidoni, akajaza kasiksi mpaka juu, akafunga na jani la mgomba. Alifurahi, akatubariki kwa ishara ya msalaba, tukaondoka sisi watatu, na jogoo mmoja miguuni pangu.

Mwanzo mwendo ulikuwa mzuri. Kulikuwa na ukungu, baridi yetu ya Butembo, na gari ile ilipenda baridi. Baba Mdogo aliimba. Kila tukifika kwenye kijito alisimama, akashuka, akanusa mbele ya gari kama mbwa wa mawindo, akachota maji kwa kopo lake na kuijazia. Tulipopita Maboya nikamwambia kwa mwendo huu tutafika ndoa ikiwa na wajukuu. Akaniambia nishuke nitembee. Nikamwambia nikitembea nitafika wa kwanza.

Kwenye mteremko wa Kabasha tukakuta bariyeri ya askari, kamba na gogo. Kijana aliyevaa koti refu kuliko yeye akatuambia tungoje, mbele kulisikika risasi asubuhi. Tukangoja juani. Baba Mdogo hakutaka kuzima injini, kwa kuwa gari ile ukiizima lazima usukume. Kidogo kidogo sindano ya kipimo cha joto ikapanda. Mvuke ukaanza kutoka kwenye kapo, kile kifuniko cha injini.

"Lete bidoni ya maji," Baba Mdogo akasema.

Nikafungua ya kwanza. Kasiksi. Nikafungua ya pili. Kasiksi. Ya tatu, ya nne, harufu ile ile tamu ya ndizi ikatupiga puani. Ee Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu! Baba Mdogo alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yenu ataniua," alisema. "Ataniua na anasali."

Nilimwomba askari atuache tushuke kwenye mto, ulionekana pale chini, unang'aa, unatucheka.

"Hapana kushuka," akasema. "Mutu hatoki mu barabara. Kule chini batu banapigana." Halafu pua yake ikafanya kazi. Akasogea. "Masanga? Ni pombe hii?"

Bidoni moja ikaenda kwa askari, ndivyo gogo lilivyoondolewa. Sikubishana, ingawa ulimi uliniwasha. Lakini njia ilipofunguka gari ilikuwa inatetemeka, inatoa moshi mweupe, na Baba Mdogo akasema ikienda hivi mita mia itakufa kabisa, haitaamka tena.

Hapo ndipo mdogo wangu, yule mpole, alipochukua bidoni. Aliweka kitambaa juu ya bushoni, kizibo cha radiatere, akaifungua pole pole huku amegeuza uso, mvuke ukapiga kelele, na akaanza kumimina kasiksi ya mama yetu ndani ya gari.

Nilipiga ukelele! Nilimshika shati. Nilimwambia ana wazimu, nilimwambia tutaingia ukweni na nini, nilimwambia maneno ambayo jogoo hakupaswa kuyasikia.

"Yaya," akaniambia mimi dada yake, na hakuacha kumimina. "Kama hatufiki, hii pombe atakunywa nani?"

Nilimwachia shati. 

Basi gari ikanywa. Povu likatoka, likatiririka mpaka kwenye taa. Tulishuka Kabasha tunanuka kama nyumba ya msiba siku ya tatu ya kunywa. Ilikohoa, ikapiga chafya, ikaenda, na kila ilipochemka tuliipa tena, maana hatukuthubutu kutoka barabarani kutafuta maji. Watu wa kandokando walisimama na majembe yao wakishangaa harufu inayopita. Baba Mdogo akaanza kucheka kwanza, akafuata mdogo wangu, mimi nikajizuia, nikashindwa, nikacheka mpaka machozi. "Muangalie gari," Baba Mdogo akasema, "imelewa na leo inaendesha vizuri kuliko mimi!" Kabla ya nyumba za kwanza za Beni bidoni ya mwisho ilikuwa tupu, nikaitikisa, nikaipindua, hakuna kitu. Hapo kicheko kikaisha. Joto la Beni likaingia madirishani, pikipiki zikatuzunguka, na mdogo wangu akaanza kujifuta mikono kwenye suruali yake nzuri, anafuta, anafuta tena.

Uani kwao walikuwa wameshaketi. Wazee wa Mabalako walikuwa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na baba wa msichana katikati, mtu mrefu, mkavu, mwenye masharubu. Gari iliingia ikasimama mbele yao yenyewe tu, bila kuulizwa, ikafuka.

Tulisalimia. Tukapewa viti. Jogoo akapokelewa. Halafu baba wa msichana akauliza kwa upole, kama desturi inavyotaka, "Na kinywaji cha wageni kiko wapi?"

Baba Mdogo akaniangalia. Mdogo wangu akaangalia viatu vyake. Kwa hiyo nikasimama mimi, nikasema yote, mama na bidoni, bariyeri, mto uliokatazwa, kapo, povu. Nilijaribu kusema kwa adabu, lakini nilipofika kwenye askari na koti lake, wanawake walikuwa wanaangukiana mikekani kwa kicheko. Mzee mmoja alifuta macho kwa kofia.

Baba wa msichana hakucheka. "Nimesikia," akasema. "Mulipata taabu. Lakini hakuna pombe, hakuna maneno. Haikuwa mimi niliweka hii sheria. Nikiivunja leo, kesho yule mwingine ataniambia nimuvunjie ya kwake pia."

Nilijua "yule mwingine" ni nani. Kila mtu pale uani alijua. Nikaona kwamba mzee yule naye anaogopa, kwamba desturi ndiyo ukuta pekee alio nao kati ya binti yake na bunduki, na hasira yangu yote ikanitoka miguuni. Mdogo wangu alisimama ili ashukuru na kuaga. 

Ndipo msichana alipotoka ndani. Alivaa kitenge cha kijani kipya, ameshika kikombe cha bati, kile kile kilichotayarishwa kwa sherehe. Hakutuangalia. Alipita katikati ya wazee, akaenda mpaka kwenye gari yetu, akachuchumaa mbele yake, akainamisha kichwa chini ya chuma, akaweka kikombe.

Tone likaanguka. Tulilisikia, ti.

"Binti, ngoja nifungue bushoni!" Baba Mdogo akaruka.

"Hapana, baba," akajibu kutoka kule chini. "Itakuunguza. Inatoka yenyewe."

Ilitoka yenyewe, lakini pole pole! Unga wa mtama ulikuwa umeshaanza kuziba tundu. Tone, unangoja. Tone, unangoja mpaka unasahau.  Wanawake waliacha kucheka. Kitenge kipya kiligusa vumbi, jasho lilimshuka shingoni kwa joto la injini, na kikombe kikabaki pale pale. Mdogo wangu alisogea, akachuchumaa upande wa pili wa gurudumu, si karibu sana, kwa heshima, naye akangoja. Baba Mdogo, mtu ambaye miaka yote ile aliombea tundu lake lisikue, nilimsikia anainong'oneza gari, "Vuja, mama. Vuja kidogo tena."

Sijui tulikaa muda gani. Kivuli cha nyumba kilifika kwenye mikeka.

Alipoinuka alikuwa na fundo moja tu kikombeni, la rangi ya kutu. Alikuja mbele ya baba yake akapiga magoti. Akaonja. Uso wake ulikunjamana wote, akameza, kisha akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Baba yake alikiangalia. Alimwangalia binti yake, kitenge kilivyochafuka, mafuta meusi kwenye nywele alizosukwa kwa ajili ya siku hiyo. Masharubu yakatikisika kidogo. Akakipokea, akanywa yote, akakipindua juu chini ili wazee wa Mabalako waone.

"Iko na chuma," akasema. "Lakini ni kasiksi."

Nilipiga vigelegele kabla ya mtu mwingine yeyote, tena pale palikuwa kwao na haikuwa zamu yangu. Lakini mdogo wangu hakusikia. Alikuwa bado amechuchumaa kando ya gurudumu, ameficha uso kwa mikono, mabega yanamtikisika, mpaka baba wa msichana alipoinuka mwenyewe kutoka kitini, akamwendea, akamshika kiwiko na kumwambia, "Mutoto wangu, simama. Batu banangoja kula."