Chemshabongo na Bwana Mifugo Wangu

Gazeti la Jumamosi hutufikia Jumapili. Ndivyo ilivyo tangu tuhamie Nyakatuntu, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika isipokuwa mume wangu. Yeye alilalamika kwa sababu ya chemshabongo. Kwenye kurasa za ndani, karibu na matangazo ya viwanja, kuna mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi, na zamani chini yake palikuwa na kuponi ya kukata na kutuma. Mshindi alipata fulana na chupa ya chai, na jina lake likachapwa wiki inayofuata. Fulana hakuijali hata kidogo. Alitaka jina. Tena majina yetu sote wawili, ili ndugu zake wenye ng'ombe wajue kwamba mke aliyemtoa kwa watu wa migomba ana akili.

Hiyo ndiyo lugha yake. Kwao ni watu wa ng'ombe, kwetu ni watu wa migomba na kahawa, na miaka yote ya ndoa hatukuacha kutaniana. Alikuwa bwana mifugo wa serikali. Alizunguka Karagwe na Kyerwa yote na pikipiki, akichanja, akivuta ndama waliokwama, akiwagombeza watu waliochelewa kumwita. Alipostaafu hakukuwa na wa kumgombeza tena ila mimi.

Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye benchi barazani na penseli, mimi chini kwenye mkeka namenya ebitoke, ndizi zetu za kupika. Yeye anasoma swali, mimi najibu, yeye anakataa. Kalamu ya wino ilikuwa mwiko mpaka neno lihakikishwe. "Fikiri, mama," alikuwa akisema. "Unarusha maneno kama unawarushia kuku mahindi." Mimi nilijua mambo ya jikoni, ya Biblia na ya mavazi, yeye alijua wanyama, nchi za watu na sheria. Tukibishana, hakuna aliyekubali kushindwa mpaka gazeti la wiki inayofuata lije na majibu, kwa hiyo neno moja lilikaa na sisi mezani wiki nzima. Aliyeshindwa alitakiwa kumwamkia mwenzake shikamoo kutwa nzima, kila wakikutana. Basi unamwona mzee wa mvi anatoka zizini na ndoo ya maziwa, ananikuta nafagia, anasema shikamoo huku amenuna, nami naitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Majirani walidhani tumerukwa na akili.

Hatukushinda hata mara moja. Kuponi ilitakiwa kufika Dar es Salaam katikati ya wiki, na katikati ya wiki bahasha yetu ilikuwa bado inasubiri gari pale posta ya Rubwera. Alituma tu. Nilimwambia anailisha posta bure, akasema ipo siku.

Sasa siku yenyewe imekuja. Siku hizi unajaza mraba, unaupiga picha, unatuma kwa simu, na papo hapo umefika. Binti yetu, anayefanya kazi kwenye ofisi za wilaya Rubwera, ndiye aliyekuja na habari hiyo, anacheka tangu getini. Nilimtazama baba yake pale kwenye benchi nikashindwa kufurahi pamoja na binti.

Kiharusi kilimpata masika yaliyopita, akiwa kibanjani anauwekea nguzo mgomba uliolemewa na mkungu. Mguu umerudi, mkono wa kulia umerudi nusu. Maneno hayajarudi. Anasema "ee" na anasema "haya", basi. Daktari alituambia tuzungumze naye mambo aliyoyapenda, kwamba maneno huweza kurudi, na pia huweza yasirudi. Mimi nililichukua lile la kwanza nikaondoka nalo.

Kwa hiyo binti huja na gazeti kila Jumapili, na penseli sasa naishika mimi. Nakaa naye kwenye benchi. Nasoma swali, nasubiri. Ananitazama mdomo. "Ee," anasema, na mimi najaza. Nimegundua kwamba nilijua mengi kuliko nilivyodhani, hata nchi za watu, na ugunduzi huo umeniuma. Sina wa kubishana naye. Watu wakija kutusalimia huniambia nishukuru, angalau ninaye. Kweli ninaye, goti lake linagusa langu. Lakini namtaka yule mgomvi. Namtamani mpaka nasikia njaa tumboni, na chakula nimekula.

Jumapili iliyopita binti alikuwa ndani anapakua chakula, sisi tuko barazani. Nikafika kwenye swali: ng'ombe jike ambaye hajazaa, herufi sita.

Mtamba. Neno hilo alilisema kila siku ya kazi yake, alilisema hata usingizini. Nikasoma swali polepole. Nikasubiri. Nikasoma tena. Alikuwa anamtazama kuku.

Hapo nikaiweka penseli chini, nikatoa kalamu ya wino kwenye pochi yangu ya kanisani.

"Hili rahisi," nikasema kwa sauti. "Fahali."

Fahali ni dume. Kwao hata mtoto anayetambaa anajua. Nikahesabu herufi kwa kidole mbele ya macho yake, sita, zimeenea. "Naandika, mzee. Kwa wino." Nikaandika F, namwangalia yeye badala ya gazeti. Nikaandika A. Zamani nisingeifikia hiyo F. Angeninyang'anya kalamu, angeniuliza kama kwetu tunakamua mafahali, na habari ingefika Songambele kabla ya jioni. Nikaandika H. Kimoyomoyo nilikuwa namwomba: nigombeze. Niite mjinga. Sema kwetu hatujui ng'ombe.

Aliinama, akautazama mraba kwa muda mrefu. Nikaona uso unakunjamana, nikajua neno linakuja. Nilishika benchi kwa mkono mmoja.

Kisha akainua macho akaniangalia mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alitabasamu kwa upande ule unaoweza kutabasamu, akanipigapiga mkononi kwa mkono wake wa kushoto.

"Haya," akasema. "Haya."

Alikuwa ananipa moyo. Mtu ambaye hakuwahi kuniachia kosa, ameniachia hili la ng'ombe, tena kwa upole. Sikuwahi kuomba upole kwake. Nikamalizia herufi zilizobaki kwa sababu sikujua la kufanya na kalamu, nikamaliza na maswali mengine.

Baada ya chakula binti alikuja na simu ili atume kabla mtandao haujakatika. Alisoma mraba wote, kisha akaanza kucheka.

"Mama, hapa umeandika fahali. Si mtamba? Baba ndiye aliyetufundisha." Akachukua kalamu. "Ngoja nirekebishe, hapa tutakosa kwa neno moja."

"Liache," nikamwambia.

"Lakini Mama, ni kosa."

"Najua. Tuma hivyo hivyo. Baba yako ameshakubali."