Sinia Tupu Lenye Utepe

Jumamosi nilikuwa kwenye mashindano ya keki, ukumbi wa kanisa, huku ughaibuni, mtaa wa Seven Hills. Jaji alikuwa bibi wa Kiingereza aliyekulia katika kijiji chenye kanisa moja, duka moja na baa moja, ambako kila kiangazi kijiji kizima hukutana uwanjani kushindanisha keki. Ndiye aliyetuletea mtindo huo.

Keki zote zilikaa chini ya vifuniko vyake vya wavu. Yangu niliilinda kama askari wa benki. Kumbe jirani yangu mezani, mama mmoja wa Tanga, ameshafunua mkate wake wa kumimina na kushika kisu.

"Karibuni jamani, bado wa moto!"

Jaji alipotufikia, sinia lilikuwa tupu.

"Mama, umejiondoa mashindanoni," nikamnong'oneza.

"Sasa mwanangu, watu wamesimama wananitazama, chakula kipo, nikifunike?"

Bibi aliinama, akaokota chembe kwa ncha ya kidole, akailamba, akafumba macho. Kisha akauweka utepe wa bluu katikati ya sinia.

"Kijijini kwetu," akasema, "keki inayowahi kwisha ndiyo inayoshinda."

"Na hivi vifuniko?" nikauliza.

"Ni vya nzi tu."

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi stesheni ya treni. Mama wa Tanga alilibeba sinia lake kichwani, utepe ukining'inia, akazunguka nalo ukumbi mzima.

Mimi keki yangu nilirudi nayo haijaguswa. Naila sasa hivi, peke yangu, nikiandika haya.