Vikonyo vya Mama Oliva

Niliondoka Makambako siku ile kwa sababu ya hasira, na sioni haya kusema hivyo. Jioni iliyotangulia, mteja wetu mmoja wa upande wa Lupembe, Mama Oliva, alipiga simu ofisini akasema kifurushi chake kikifika aletewe na Mahenge, asiletewe na Felista. Felista ndiye mimi. Bosi alinipa habari hiyo huku anatazama dirishani.

Lazima mnielewe. Huu ni mwaka wa tisa naendesha gari la vifurushi kati ya Makambako, Njombe na vijiji vya Lupembe. Sijawahi kupoteza hata bahasha. Kifurushi nikikipokea kimefungwa selotepu, mwenyewe anakipata na selotepu ile ile, mlangoni kwake, baada ya kuonyesha kitambulisho na kusaini kitabu. Kwenye safu ya hali ya mzigo naandika "salama" kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa darasa la tatu angejisifia. Sasa mtazameni Mahenge, dereva mwenzangu. Bwana huyu wa Makete huacha mizigo ya watu kwenye banda la kupimia chai, kwa hoja kwamba kila mtu atapita hapo na majani yake. Hubonyeza maboksi, huyanusa, na akijisikia huyafungua. Saini za kitabu chake zote zina mkia mmoja. Halafu mteja anamchagua yeye.

Gari la Mahenge lilikuwa gereji, bosi akaniomba nimwazime langu. Nikamjibu kwamba usukani wangu haushikwi na mtu mwingine, ila naweza kumbeba yeye na kifurushi chake. Nilitaka nifike kwa huyo mama nisikie kwa masikio yangu kosa langu ni lipi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stendi ya Makambako. Baridi ilikuwa kali, na malori ya mbao yalikuwa yameshaanza kuunguruma barabarani. Wauza chai walikuwa wamejitanda mablanketi mpaka puani. Kifurushi cha Mama Oliva kilipaswa kufika siku moja kabla, lakini basi lililokitoa Tukuyu liliharibika njiani likalala huko. Kilikuwa boksi la ukubwa wa kreti ya soda, limezungushiwa selotepu kila upande, na ubavuni limeandikwa "VIKONYO".

Kwa asiyejua, vikonyo ni vijiti laini vinavyokatwa kwenye mparachichi wa kisasa na kuungwa juu ya mche wa kienyeji. Kazi hiyo tunaiita kubebesha. Kikonyo kikifika kibichi, mche unashika na baada ya miaka michache una parachichi za kuuza nje. Kikifika kikavu, ni cha kuwashia moto. Hivi vyetu vilikuwa vimekatwa juzi yake.

Mahenge alipanda na boksi mapajani, akaweka sikio juu yake, akanusa pembeni.

"Dada Felista, nifungue kidogo nivione. Vimeanza kupata joto hivi."

"Kwenye gari yangu hakifunguliwi kitu."

"Weka basi mkono hapa uone."

"Mkono wangu uko kwenye usukani," nikamwambia, nikawasha gari.

Saa moja na nusu tulipita Mtwango. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami na misonobari ilionekana nusu nusu. Mahenge aliniomba nisimame kwenye kila daraja tulilovuka, ati achote maji, na kila daraja nililipita. Nakiri nilifurahia. Mtu aliyekuibia mteja si mtu wa kusimamishiwa gari.

Saa mbili na nusu tuliingia Njombe mjini, tukiwa na vifurushi vinne vya kugawa. Hapo nilitaka Mahenge aone kazi inavyofanywa. Nilipanda ghorofa mbili kumpelekea mwanasheria nyaraka zake, nikamsubiri mpaka alipopata kitambulisho ndani ya koti la mkewe. Kwa fundi cherehani wa karibu na soko nilipokewa kwa kiti na kikombe cha uji. "Huyu mama," aliwaambia wateja wake, "akikuletea kitu unajua kimetoka kwake kama kilivyoingia." Niligeuka kuona kama Mahenge kasikia. Hakuwepo. Vifurushi vyake viwili alikuwa amemwachia muuza misumari wa pembeni, na sasa alikuwa amekaa garini analipepea boksi kwa gazeti.

"Umetumia saa nzima na dakika kumi," alisema.

"Na wewe umetumia muuza misumari."

"Wote wawili wananunua misumari kwake. Saa hizi wameshapata."

Ilikuwa kweli, mmoja wao nilimwona anaondoka na chake.

Saa nne tulirudi nyuma mpaka Kibena, tukakata kushika njia ya Lupembe. Njia hii naipenda kuliko zote. Inapanda na kushuka vilima, na ukishaipita Matembwe mashamba ya chai yanaanza kukusogelea pande zote mbili, yamechumwa juu yakawa sawa kabisa. Siku nyingine ungekuta wachumaji wamesimama humo wakionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, na lori la majani limeegeshwa mahali likipakia. Siku ile hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limetoka na ukungu wote umekwisha, nikaanza kuona jasho kwenye mikono ya Mahenge iliyoshika boksi.

Saa tano na nusu tulifika kijijini kwa Mama Oliva. Mahenge aliomba tuanzie banda la chai, na kwa kuwa lilikuwa njiani nilisimama. Ndani alikuwemo karani wa mizani peke yake, ameegemea nguzo.

"Kamwene," Mahenge alimsalimu.

"Kamwene. Leo hatupimi. Kuna msiba, na lori limeambiwa lisije."

Watu wote, karani alisema, walikuwa kwa mfiwa, na yeye mwenyewe alikuwa anafunga aende. Mama Oliva ndiyo kabisa, maana marehemu ni mume wa dada yake. Nilimtazama Mahenge. Utaratibu wake wote ulisimama juu ya banda hilo, na banda lilikuwa tupu.

"Sasa utamwachia nani, mizani?" nikamuuliza. "Twende nikuonyeshe. Mimi napeleka nyumbani kwa mtu."

Nyumbani kwa mtu tulikuta kufuli. Nilibisha hodi mara tatu, akanijibu kuku. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kitalu chini ya kivuli cha nyasi, miche ya kienyeji imepangwa ndani ya viriba vyeusi, mistari kwa mistari, shina lake nene kama penseli, tayari kabisa. Mahenge alikaa kivulini na boksi lake, wala hakunicheka, ingawa alikuwa na haki.

"Nitamfuata msibani," nikasema. "Hukifungui mpaka nirudi."

Nilijifunga upande mmoja wa doti ya khanga niliyokuwa nayo garini, nikaenda kwa miguu. Msibani huingii na habari za vifurushi. Niliwapa pole wafiwa, nikatoa rambirambi, nikakaa na wanawake kwa muda, kisha nikasogea jikoni kumenya viazi. Mama Oliva alikuwa hapo, mama wa miaka sitini na kitu, anamenya bila kutazama kisu.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumepoa."

"Kifurushi chako kipo kwako, Mahenge amekaa nacho. Mimi nimemleta tu. Nimekuja nikuulize nilikukosea nini."

Alimaliza kiazi kile akachukua kingine.

"Mwaka jana uliniletea kuni, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Boksi zuri, halina hata mkunjo. Ukaniambia nisaini kwanza, una safari. Nikasaini. Kuja kufungua, vyote vyeusi. Ile miche ikakaa mwaka mzima haina kichwa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na saini ni yangu? Jirani yangu aliletewa na Mahenge wiki ile ile. Yeye huko njiani alifungua, akatia maji. Vikashika." Akaninyooshea beseni la viazi nimsogezee maji. "Nenda kamwambie afanye anavyojua. Mimi mpaka tumzike siondoki hapa, na kuzika ni saa tisa."

Nilirudi kwa njia ile ile niliyokuja, na sikumbuki nilichokiona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kitabuni mwangu, kwa ule mwandiko mzuri, mbele ya jina la Mama Oliva, kulikuwa na neno "salama". Nilikuwa nimelinda selotepu kilomita zote hizo na kilichokuwa ndani yake kimekufa mikononi mwangu. Hilo liliniuma kuliko simu ya jana.

Mahenge nilimkuta vile vile, boksi mapajani, selotepu haijaguswa. Ndoo ya maji ilikuwa tayari pembeni yake.

"Hujafungua?"

"Ulisema mpaka urudi."

"Mahenge, wewe ndiwe unayefungua mizigo ya watu kila siku."

"Ya kwangu. Leo tumekuja na gari yako, na neno umesema wewe." Akanipa kisu chake.

Miaka tisa sikuwahi kukata selotepu ya mtu. Nikakata. Joto lilitoka mle likanipiga usoni, na harufu ya majani yaliyofungiwa. Magazeti ya juu yalikuwa makavu yanakatika, ya ndani yanatoka jasho. Mahenge akanyanyua ndoo ili amimine yote.

"Tua chini," nikamwambia. "Utaviozesha."

Hapo sasa mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Mama yangu aliuza mchicha karibu na stesheni ya reli Makambako miaka yote ya utoto wangu, na treni ilipochelewa tulikuwa na kazi ya kuufanya mchicha wa asubuhi uonekane wa asubuhi mpaka jioni. Hakuumwagia maji. Aliuchambua, akaondoa uliolegea, akautandaza kivulini kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Nilikwenda garini nikachukua upande wa pili wa doti yangu, mpya, sijauvaa hata mara moja, nikauchovya na kuukamua. Tulifungua fungu moja baada ya jingine. Vikonyo vilivyokwisha nilivitenga upande, vizima nikavilaza ndani ya khanga chini ya migomba, penye upepo. Kila kitambaa kilipoanza kukauka Mahenge alichovya vidole akanyunyiza, tena kwa adabu.

"Mimi huwa namwaga tu," alisema baadaye. "Ndiyo maana vingine huwa vinaoza, kumbe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikubali kitu, nami nikaona vyema nimwambie kwamba bila pua yake tungelala na boksi hilo mpaka kesho. Sifa zilikuwa zimetosha kwa siku moja.

Saa kumi na robo Mama Oliva alirudi, viatu vina udongo wa makaburini. Alifunua khanga, akachukua kikonyo kimoja, akakwangua gome kwa ukucha. Ndani kilikuwa kijani. Akachukua kingine, na kingine, kisha akakaa chini pale pale.

"Leo hapa hatushiki jembe, kwa ajili ya marehemu," alisema. "Lakini kisu hakijatajwa."

Alikata yeye, mche kwanza na kikonyo baadaye, haraka kiasi kwamba hukuona makali yanapita wapi. Mimi na Mahenge tulifunga maungio kwa nailoni, mistari miwili, yeye wake na mimi wangu, na msidhani hatukuwa tunatazamana. Nilimaliza sitini, yeye akamaliza hamsini na tatu. Vilivyobaki Mama Oliva aliviingiza ndani na khanga yangu, avimalizie kesho yake. Nilipotoa kitabu nilimwomba ahesabu kwanza, aangalie, halafu ndiyo asaini. Kwenye safu ya hali ya mzigo niliandika: kimefunguliwa na dereva, vikonyo kumi na vinane vimekufa njiani. Aliponirudishia kitabu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mpaka leo sijapata mshahara ulionifurahisha kuliko mikono ile.

Saa kumi na mbili kasoro tulianza safari ya kurudi. Kwenye daraja la kwanza nilisimama bila kuombwa, tukanawa utomvu. Mahenge alilala kuanzia Kibena mpaka Makambako, anakoroma, na gari langu likawa na tope la kitalu mpaka kwenye viti.

Asubuhi yake nilimwendea bosi, nikafungua kitabu cha mwaka jana, nikamwonyesha lile neno "salama" nikamwambia alifute, mzigo ule niliufikisha umekufa. Akashangaa. Hakuna aliyelalamika, alisema, kwa nini nijichafulie jina? Nikamjibu kwamba Mama Oliva hakulalamika kwa sababu nilimharakisha kusaini. Akalifuta mbele yangu. Nilitoka pale nikiwa na kosa moja katika miaka tisa na kifua mbele kuliko nilipokuwa sina hata moja.

Siku hizi, kabla sijapakia, namuuliza mtumaji kilichomo kinahitaji nini njiani, maji, hewa au kutotikiswa, na naandika. Kitambulisho bado nadai. Mlangoni kwa mtu bado nafika. Mahenge naye ameanza kuwatafuta wenyewe wasaini kwa mikono yao, ingawa bado anamwamini muuza misumari kuliko serikali.

Mwezi jana nilipita kitaluni kwa Mama Oliva. Miche ilikuwa imechipua, majani mekundu madogo juu ya kila nailoni, na alikuwa ametenga mistari yetu miwili ili tuione. Katika ule wa Mahenge, tisa haikushika. Katika wangu haikushika minne. Namkumbusha kila asubuhi kabla hajawasha gari.