Nilijitoa kwenye chama cha mawakala wa tiketi, mamangu nusura akose Umra

Wakuu, salaam aleikum. Haya ni kweli tupu, na aibu yake ni yangu peke yangu.

Nina kiofisi cha tiketi za ndege hapa Mji wa Kale. Sisi mawakala wa Mombasa tuna chama chetu, ambacho mimi nilikiita chama cha kahawa na halwa. Mkutano wa saa moja, salamu peke yake nusu saa! Za nyumbani, za watoto, za goti la shangazi.

Siku moja nikachoka, nikajitoa kwenye grupu la chama. Nikaaga kwa jeuri: "Mimi mfanyabiashara, sina muda wa porojo." Nikajiona bingwa.

Baadaye nikakusanya watu kumi na wawili wa Umra, nami nikiwemo. Mmoja ni mamangu, nimemuahidi nitampeleka mwenyewe. Keshashona baibui jipya, mtaa mzima unajua.

Siku nne kabla ya safari nafungua kompyuta, majina yetu hayapo! Shirika la ndege lilipunguza safari za Mombasa, kila wakala akatakiwa athibitishe upya majina ya kundi lake. Tangazo lilipitia wapi? Kwenye chama.

Kupiga simu, nikawekewa muziki. Kuandika barua pepe, nikajibiwa na mashine, tena kwa adabu. Mamangu ningemwambia nini?

Nikafunga ofisi, mbio hadi Biashara Street kwa Bi Mwanaisha, mwenyekiti wetu.

"Karibu, mfanyabiashara," akasema. "Za nyumbani?"

Wakuu, siku hiyo nilijibu salamu zote. Hata shangazi yake nilimuulizia goti.

Akapiga simu moja tu, kwa niaba ya mawakala wote wa Mombasa. Meneja wa shirika la ndege niliyemsaka asubuhi nzima akapokea papo hapo. Tukapata viti kumi na kimoja.

Hesabuni wenyewe nani alibaki. Mamangu aliongozana na Bi Mwanaisha, aliyekuwa na kundi lake ndege hiyo hiyo.

Funzo: shirika la ndege halimjui wakala mmoja, linajua chama. Nimesharudi chamani, nimepewa kazi ya kuandika mahudhurio.

Mamangu karudi salama. Anasema huko Makka alimuombea Bi Mwanaisha kila siku, kwa jina.

"Na mimi, mama?"

"Nawe nilikuombea, mwanangu. Nilikuombea akili."

Haya, nanyi mliovidharau vyama vyenu, semeni hapa chini, nisichekwe peke yangu.