Otieno Aliponichuma Katikati ya Ngoma

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Siku hiyo sikuonja kitu, na mguu huu ninaoburuta ni shahidi yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Jumamosi mchana, ndani ya holi ya kambi yetu ya chai upande wa Kimulot. Vijana kutoka Nakuru walikuja na magitaa ya kupiga kelele kama mashine ya kiwanda imekosa grisi. Ngoma yao haichezwi wawili wawili. Watu wanarukiana, bega kwa bega, kifua kwa kifua, na ukianguka unainuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Lakini Wesley, nyapara wetu, alikuja na sheria yake. Wiki hiyo nilikuwa nimemwambia meneja vile anachapa wanawake fimbo shambani. Akaingia na ndugu yake Kimutai, wote na gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya shambani. Ninawataja, sijali. Walinigonga kutoka pande mbili mpaka nikaanguka, goti likalia. Wesley akainama.

"Leo utajua hiyo mdomo ni ya kazi gani."

Wakaanza kunikanyaga kifua. Watu walidhani ni ngoma tu. Pumzi ikakatika, nikajua nakufa hapo chini, wenzangu wakicheza juu yangu.

Ndipo mkono ukanishika kola, baridi kama mvua ya mawe, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Ukaninyakua na kunirusha nyuma juu ya bega, vile mchumaji anarusha majani kwa kikapu. Watu wakanidaka juu juu wakishangilia.

"Omera, amka," sauti ikasema. "Mstari wako bado."

Nani mwingine aliniita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo? Ni Otieno, aliyepigwa na radi akafa tukichuma chai naye, mwaka mmoja nyuma. Siku ile nilimaliza mstari wake wa michai nikilia, kwa sababu kwetu mstari wa mwenzako hauachwi.

Unadhani niliota? Muulize Wesley. Alimwona uso kwa uso, akakimbia akaacha gambuti moja. Kimutai aliruka nje kupitia dirisha. Mimi, goti limevunjika, nilibebwa juu ya vichwa mpaka wimbo ukaisha, nikicheka kama mwendawazimu.

Wesley hakurudi kazini. Siku hizi anauza viazi Kedowa, na nikipita anageuza uso. Mimi nachechemea, na bado nacheza.

Kwa hivyo wewe unayependa hiyo ngoma, nisikie: mtu akianguka mbele yako, muinue. Usidhani hana watu kwa sababu huwaoni.